Aendaye Kutafiti Ng'ambo Ana Deni Nyumbani

Zamani kijana wa Songea aliyekwenda kusoma nchi za ng'ambo alikwenda kwa miaka mingi, akarudi na shahada yake na koti zito la baridi. Siku hizi imezuka safari ya namna nyingine. Mwanafunzi ambaye bado yumo katika shahada ya kwanza hupelekwa Ulaya, Asia au Marekani kwa majuma kadhaa au kwa muhula mmoja. Haendi kusikiliza mihadhara tu, bali huenda kufanya utafiti: kufungua majalada ya kale, kupima sampuli katika maabara, kuuliza maswali na kuandika majibu. Safari hizo bado ni chache, na wanaozipata kutoka mkoa wetu wa Ruvuma ni wachache zaidi. Lakini zipo, na yafaa tuzijadili mapema, kwa maana samaki hukunjwa angali mbichi.

Sisi tunaziunga mkono safari hizo kwa moyo mweupe. Kijana aliyepata kuona jinsi wengine wanavyoutafuta ukweli hawezi kuwa sawa na yule aliyekariri madaftari ya mwaka jana. Hata hivyo tunasema jambo moja, nalo ndilo shina la makala haya: utafiti wa mwanafunzi ni safari ya kwenda na kurudi. Anayekwenda huondoka na deni, na deni hilo hulipwa kwa njia moja tu, yaani kuyaleta aliyoyapata mbele ya watu waliomlea, kwa lugha wanayoielewa. Asipofanya hivyo, hata akipewa alama za juu kuliko wenzake wote, kazi yake imeishia njiani.

Deni hilo halikuzuliwa leo. Mwezi Mei 1964, Mwalimu Nyerere alipolieleza Bunge mpango wa maendeleo wa miaka mitano, alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila, akashiba, kisha asirudi, Mwalimu alimwita msaliti. Miaka zaidi ya 60 imepita, lakini mfano huo haujachakaa. Hata tiketi ya ndege ikilipwa na wafadhili wa Ulaya, mwalimu aliyemfundisha kijana huyo kushika kalamu alilipwa mshahara kwa jasho la mkulima wa mahindi wa Namtumbo, la mkulima wa kahawa wa Mbinga, na la mama muuza mboga wa Bombambili anayelipa ushuru wake bila ya kukosa.

Wapo watakaouliza: huko ng'ambo kuna nini kinachotuhusu sisi watu wa Songea? Jibu ni kwamba kipo kingi kuliko tunavyodhani.

Kwanza, wapo watu wetu wenyewe. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa Songea, katika Makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zetu. Miongoni mwa mashujaa walionyongwa mwaka 1906, ambao tunawakumbuka kila Februari 27, yumo Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu unaitwa kwa jina lake. Kichwa chake kilikatwa na inaaminiwa kwamba kilipelekwa Ujerumani. Rais Steinmeier hakuahidi kwamba fuvu hilo litapatikana. Aliahidi kwamba litatafutwa.

Ahadi hiyo si jambo la maneno matupu, maana kutafuta huko kuna njia zake. Mwaka huo huo wa 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin, Stiftung Preußischer Kulturbesitz, ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Kati ya hayo, 904 yalitambuliwa kuwa yalitoka Rwanda, 202 yalitoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na 22 yalitoka Kenya. Mwezi Septemba ikatangazwa kwamba, kwa kulinganisha vinasaba, walikuwa wamepatikana kaskazini mwa nchi yetu jamaa walio hai wa watu watatu, mmoja wao akiwa akida wa Mangi Meli wa Moshi. Wataalamu wa Rwanda walishiriki katika uchunguzi huo wa Berlin. Basi na tujiulize: katika chumba kama hicho, mtoto wa Ungoni yuko wapi?

Pili, ipo mifupa ya ardhi yetu. Katika bonde la Mto Ruhuhu, unaoingia Ziwa Nyasa, miamba imehifadhi visukuku vya wanyama walioishi zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Mwaka 1933 Rex Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikuja akaokota mifupa humo, akaenda nayo Uingereza. Mwanafunzi wake, Alan Charig, aliiandikia tasnifu ya udaktari mwaka 1956, akambunia mmoja wa wanyama hao jina la Teleocrater. Tasnifu hiyo haikuchapishwa. Jina hilo halikutambuliwa rasmi mpaka mwaka 2017, baada ya mifupa mingine ya mnyama huyo kupatikana bondeni humo humo mwaka 2015. Mnyama mwingine aliyetoka katika bonde hilo, Nyasasaurus, alitangazwa mwaka 2012 kuwa huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote waliojulikana, au jamaa wa karibu sana wa dinosaria. Mifupa yake ilikuwa imehifadhiwa kabatini huko London kwa miongo mingi. Wanafunzi wangapi wa sekondari zetu za Songea wamepata kusikia habari hizo? Na ikiwa mifupa ya kale ina faida kwa elimu, je, makaa ya mawe ya Ngaka na urani ya Mto Mkuju, ambayo ni mali ya leo na ya kesho, hayahitaji kijana wetu ajuaye kuyapima mwenyewe?

Tatu, yapo maandishi. Majalada ya iliyokuwa Ofisi ya Makoloni ya Ujerumani yamehifadhiwa Berlin, katika jumba la nyaraka la Lichterfelde. Humo zimo ripoti za maofisa, hesabu za kodi, barua na amri za wakati wa Vita vya Majimaji. Yako pia majalada ya serikali ya Kijerumani yaliyobaki Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa. Habari za mababu zetu, kama zilivyoandikwa na waliowatawala, zimegawanyika kati ya miji hiyo miwili, na anayetaka kuzijua hana budi kugonga milango yote miwili.

Kijana mmoja wa Bombambili, anayesoma historia katika mojawapo ya vyuo vikuu vya nchi yetu, alipata safari ya namna hii kwenda Ujerumani, akatueleza yaliyomkuta. Hatutaji jina lake wala la chuo kilichompokea, kwa kuwa yaliyomkuta yanaweza kumkuta mwanafunzi yeyote.

Juma la kwanza hakusoma hata mstari mmoja. Majalada yale yameandikwa kwa mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha kale, ambao hata vijana wengi wa Kijerumani wa leo hawauwezi. Ilimbidi ajifunze herufi moja moja, kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu na be. Alikuta pia kwamba watu wa huko wana adabu kubwa mbele ya karatasi: hairuhusiwi kalamu ya wino, hailetwi chai mezani, na jalada halitoki chumbani. Hayo aliyapenda, akasema laiti sisi nasi tungezitunza hivyo karatasi zetu.

Lakini yako mengine yaliyomtia uchungu. Mara nyingi wenyeji wake walimtaka atamke vizuri majina ya vijiji yaliyomo katika majalada, awaeleze maana ya neno la Kingoni, au asimulie chakula na ngoma za kwao. Mwenzake Mjerumani, mwanafunzi wa umri wake, alikuwa akiandika. Ikawa yeye amefanywa shahidi, na mwenzake ndiye mtafiti. Siku moja katika mkutano wa wanafunzi aliulizwa: wazee wa kwenu wanaisimuliaje vita ile? Akajibu yale aliyoyasoma katika kitabu cha sekondari. Bibi yake, aliyemlea, anazo habari alizopokea kwa wazazi wake juu ya njaa iliyofuata vita, lakini yeye hakuwa amemwuliza hata siku moja.

Kijana huyo hakuvunjika moyo. Aliomba apewe swali lake mwenyewe, nalo lilihusu njaa hiyo. Tunajua kwamba katika Vita vya Majimaji walioangamizwa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi, kwa sababu jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, maghala na mashamba kwa makusudi, ili watu washindwe kupigana. Basi akatafuta katika majalada habari za maghala yaliyochomwa katika Ungoni. Akaandika kurasa 40 kwa Kiingereza, akapata alama nzuri. Nakala moja ikabaki kwa msimamizi wake huko, na nyingine ikawekwa katika rafu ya chuo chake hapa nchini. Aliporudi nyumbani, bibi yake alimwuliza alichokiona. Akamweleza mambo ya treni na theluji. Hakuna baraza lililomwita, hakuna shule iliyomwalika, na hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa na wajibu wa kusema. Zile habari za maghala ya mababu wa watu wa Songea zimebaki zimefungwa kwa lugha ambayo wengi wa wajukuu wao hawaisomi.

Hapo pana mafunzo matatu.

La kwanza ni kwamba utafiti wa ng'ambo huanzia nyumbani. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao nao walikuwa vijana wasiohitimu, walitumwa kwenda katika mikoa iliyopigana Vita vya Majimaji kuwauliza wazee waliokuwa wangali hai. Waliyoyaandika yakawa hazina ambayo wanahistoria wa dunia nzima wanaitegemea mpaka leo. Mwaka 1969 O. B. Mapunda na G. P. Mpangara walitoa kijitabu juu ya vita hivyo katika Ungoni, ambacho msingi wake ni kazi ya namna hiyo. Jambo hilo latufundisha kwamba uchanga wa mwanafunzi si kikwazo iwapo amepewa swali la kweli na amefundishwa kusikiliza. Wazee walioiona vita wametutoka wote. Waliobaki ni wale waliosimuliwa, nao wanapungua kila mwaka. Mwanafunzi atakayepanda ndege kwenda Berlin kabla ya kuketi mkekani na bibi yake anaanza kazi kwa mwisho wake. Na kabla ya ndege, ni vema apande basi, aende karibu kilomita 1,000 mpaka Dar es Salaam, akayafungue majalada yaliyomo katika nchi yake mwenyewe.

Mwalimu Nyerere alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, Uganda, katika miaka ya 1940, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake. Aliyachukua mawazo ya mwanafalsafa wa Kiingereza, John Stuart Mill, akayapima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki. Kitabu kilikuwa cha ugenini, lakini swali lilikuwa la nyumbani. Erasto Mpemba naye alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona kwamba mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Alichekwa, lakini hakuliacha swali lake. Baadaye alimwuliza Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akalijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja waliyoyaona. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima. Kuuliza si ujinga, na anayetoka nyumbani na swali lake hatafanywa kuwa mkalimani wa maswali ya watu wengine.

Funzo la pili ni kuwataja waliotoa elimu. Sisi tuliokwenda chuoni kusoma Kurani kabla na baada ya shule ya serikali tulifundishwa tangu utotoni kwamba habari haina uzito mpaka ijulikane imepokewa kwa nani, na huyo naye aliipokea kwa nani, mpaka ifike kwenye asili yake. Mnyororo ukikatika, habari hudhoofika. Kanuni hiyo ya wanazuoni ni kanuni ya utafiti pia. Lakini kwa muda mrefu haikutumika kwetu.

Tazama habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi mkuu wa habari zilizokusanywa katika kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, lakini kilipotoka mwaka 1903 jina lililosimama mbele lilikuwa la Carl Velten, Mjerumani. Mwalimu Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Au tazama safari ya mwaka 1963, ambapo wataalamu kutoka Uingereza walikuja tena kuchimba visukuku katika bonde la Ruhuhu. Wenyeji waliwaongoza, wakawabebea mizigo na kuwaonyesha mifupa ilipo, lakini majina yao hayakuandikwa. Mwaka 2022 wataalamu waliokuwa wakimchunguza mmoja wa wanyama waliopatikana katika safari hiyo walimpa jina la Mambawakale ruhuhu, yaani mamba wa kale wa Ruhuhu, na wakaeleza kwamba jina hilo la Kiswahili ni kwa heshima ya Watanzania wale wasiotajwa. Twawashukuru kwa uungwana huo. Lakini heshima iliyochelewa miaka 59 haimfikii aliyebeba jiwe begani. Basi kijana wetu anapotafiti, awe ng'ambo au kijijini, aandike jina la kila aliyemfundisha, iwapo mwenyewe ameridhia, na amrudie amwonyeshe alichoandika.

Funzo la tatu ni la lugha. Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Basi na wawaulize wataalamu wa ng'ambo waliokiona kinafaa. Mwaka 2010 walipomtangaza mnyama mwingine wa Ruhuhu, walimwita Asilisaurus kongwe. Asili ni neno letu, na kongwe ni neno letu. Wageni wanayachukua maneno ya Kiswahili kuwapa majina wanyama waliotoka katika ardhi yetu, wakati mwenyeji anaona haya kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili juu ya utafiti wake mwenyewe! Hatusemi Kiingereza kiachwe. Kiingereza ndicho kinachomfungulia kijana wetu maktaba za dunia, na mwenye kwenda Ujerumani hana budi kujifunza Kijerumani pia. Tunasema kwamba lugha ya kutafutia si lazima iwe ndiyo lugha ya pekee ya kuletea. Mwindaji huzungumza kwa ishara akiwa porini, lakini nyumbani huwaita watoto kwa majina yao.

Yako mashaka yanayosemwa, na si haki kuyapuuza. Wengine wanasema mwanafunzi wa shahada ya kwanza bado ni mchanga, aachwe asome, mambo ya mabaraza ni ya maprofesa. Tumekwisha kuonyesha kwamba wanafunzi wa mwaka 1968 walikuwa wachanga vile vile. Tena kijana akizoezwa kunyamaza akiwa mwanafunzi, hatajifunza kusema akiwa profesa. Wengine wanasema wananchi hawana haja na kurasa za mambo ya kale, haja yao ni mbolea na barabara. Wanaosema hivyo hawajapata kuketi na wazee wa Songea mwezi wa Februari wakaona jinsi uwanja unavyojaa. Mtu anaweza kutaka mbolea na akataka pia kujua babu yake alizikwa wapi.

Shaka la tatu ndilo zito kuliko yote. Nalo ni kwamba, tukimwekea kijana masharti mengi, atakata tamaa, au atabaki huko huko aliko. Sisi hatutaki kumfunga mtu kwa kamba. Deni tunalolisema ni deni la heshima. Hata atakayebaki ng'ambo kwa kazi au kwa ndoa anaweza kulilipa: ataandika kwa Kiswahili, atatuma, ataeleza. Lakini ni kweli pia kwamba mtu hulipa kwa moyo pale anapojua nani anamdai na wapi pa kulipia. Mpaka sasa kijana wetu hajaonyeshwa mahali hapo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila chuo kikuu nchini kinachompeleka mwanafunzi wa shahada ya kwanza kutafiti ng'ambo kimtake aandike muhtasari wa kazi yake kwa Kiswahili, japo kurasa tano, na muhtasari huo uhesabiwe katika alama zake. Nchi yetu inao utaratibu wa kuwataka wageni wapate kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Ikiwa mgeni hutakiwa ajieleze anachokuja kutafuta kwetu, mwenyeji naye atueleze alichokipata kwao.

Pili, mkoa wetu uwe na mahali panapojulikana pa kuweka kazi hizo. Makumbusho ya Majimaji yanafaa kabisa. Kabati moja lingetosha kwa kuanzia: nakala ya kila utafiti unaouhusu mkoa wa Ruvuma, uwe wa mwanafunzi wetu au wa mgeni, pamoja na muhtasari wake wa Kiswahili. Humo ziwekwe pia habari za Litowa na vijiji vyake vya ujamaa vilivyoanzishwa na vijana wa mkoa huu, ambavyo umoja wao ulivunjwa mwaka 1969. Habari hizo wageni wameziandika vitabu, na Ralph Ibbott, Mwingereza aliyeishi Litowa, alitoa chake mwaka 2014 kwa Kiingereza. Watoto wa Litowa wanastahili kuzisoma habari za wazazi wao bila ya kusubiri mfasiri.

Tatu, kata zetu ziwapokee vijana hawa. Bombambili na ianze. Mwanafunzi akirudi kutoka ng'ambo, mtendaji na wenyeviti wa mitaa wamtengee saa moja katika mkutano wa hadhara, asimame, aseme alikwenda kutafuta nini, alipata nini na hakupata nini. Wazee wamwulize, na pale majalada yalipokosea wamsahihishe. Maana majalada yale yaliandikwa na watu waliokuja kutawala. Hayana habari ya mama aliyeficha mtama pangoni, wala ya mtoto aliyenusurika kwa kula mizizi. Habari kama hizo zimo vinywani mwa watu, na zitajitokeza siku kijana atakapozisoma hadharani zile za maghala yaliyochomwa. Hapo ndipo utafiti utakapokamilika, kwa kuwa karatasi ya Berlin na kumbukumbu ya Ungoni zitakuwa zimekutana.

Fuvu la Nduna Songea litatafutwa kwa miaka mingi, na huenda watakaolitafuta wakahitaji mtu asomaye mwandiko wa kale wa Kijerumani, ajuaye vinasaba, na aelewaye Kingoni. Mtu huyo hatushushiwi kutoka mbinguni. Yumkini hivi sasa yuko kidato cha pili katika mojawapo ya shule zetu, na mzee wa kumwuliza yuko nyumba ya tatu kutoka kwao. Wazazi na walimu wamsukume aanze kuuliza, vyuo vimfungulie njia ya kwenda, nasi tumtengenezee mahali pa kurudi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.